DARASA LETU NA LIFUNDISHE WATU KUCHUNGUA



Mwezi uliopita Kamati ililetewa malalamiko mawili juu ya darasa letu la Jumamosi, lile la wawakilishi wa kazini na wanachama wengine wapendao kujua mambo ya chama. Lalamiko la kwanza latoka kwa wanafunzi wenyewe. Wasema mwalimu hawapi maandiko ya kunakili kama ilivyokuwa zamani. Huwapa swali moja tu, akawaambia waende wakatafute jibu, na wakirudi nalo huwauliza wamelipata wapi. Mtu ametoka zamu ya usiku, wasema, amekuja kufundishwa, naye arudishwa njiani kama mtoto aliyetumwa dukani. Lalamiko la pili latoka kwa wazee wa chama. Hao wamekasirika kwa sababu mwanafunzi mmoja alisimama katika mkutano akataka kuonyeshwa hesabu ya fedha za tawi, na alipoulizwa kisa, akajibu kwamba ndilo swali alilopewa darasani.

Tumeyasikiliza yote mawili. Sisi twaona mwalimu asiguswe, na darasa liendelee vivyo hivyo. Sababu zetu ni hizi.

Mwakilishi wa wafanya kazi hapelekwi mbele ya mwajiri ili akapige kelele. Kelele twaweza kuipiga sote kutoka getini. Hupelekwa ili aulizwe, na akiulizwa ajibu. Upande wa pili wa meza wamekaa watu wenye mhasibu na wakili, na neno lao la kwanza halibadiliki: hesabu hiyo mmeitoa wapi? Mtu aliyekaririshwa darasani hana la kujibu hapo. Anayo namba kichwani, lakini hajui ilikotoka, na akisukumwa kidogo huanza kutazama dari.

Tuchukue mwaka wa 2022, ambao kila mwenye sufuria anaukumbuka. Mwezi wa Oktoba mwaka ule Shirika la Taifa la Takwimu, KNBS, lilitangaza ya kwamba bei za vitu kwa jumla zilikuwa zimepanda kwa 9.6 kwa mia kuliko Oktoba ya mwaka uliotangulia. Katika tangazo lilo hilo, bei za vyakula zilikuwa zimepanda kwa 15.8 kwa mia. Mwajiri hushika ile 9.6, maana ni ndogo. Mfanya kazi hushika 15.8, maana ni kubwa. Namba zote mbili ni za kweli, zimetoka katika karatasi moja, na watu wazima waweza kurushiana kutwa nzima pasipo yeyote kusema uwongo.

Mwanafunzi aliyefundishwa kuchungua huuliza: hiyo jumla imejumlishwaje? Akitafuta, ataona ya kwamba Shirika huvipa vitu uzito, na kwamba katika hesabu ya nchi nzima chakula kimepewa kama thuluthi moja ya matumizi ya nyumba. Je, nyumba ya mtu wa mshahara wa chini hutumia thuluthi tu kwa chakula? Jibu la swali hili halipatikani kwa kubishana. Hukusanya risiti za unga, mafuta na sukari. Na kwa mama mboga, ambako hakuna risiti, huandika katika daftari. Hufanya hivyo mwezi mzima, si kwake peke yake, bali katika nyumba kumi au kumi na tano, za wale wenye watoto wengi na za makapera pia. Tuseme aona ya kwamba nusu ya fedha yaishia jikoni. Akipiga hesabu upya kwa uzito huo, apata kwamba gharama za nyumba hizo zimepanda kwa kama 11 kwa mia.

Si 9.6, wala si 15.8. Namba hii haina utamu wa kuimbiwa mkutanoni. Lakini ndiyo ambayo mwakilishi aweza kuitetea hatua kwa hatua, risiti mkononi, mpaka jioni.

Wako watakaosema kwamba mtu huyu amelishusha dai la wafanya kazi. Hakulishusha. Dai la 15.8 huvunjwa kwa swali moja: je, ninyi mwala mshahara wote, hamlipi kodi ya nyumba, hampandi matatu? Na likivunjika halisimami katikati, huanguka mpaka 9.6. Aliyeleta 11 ndiye aliyeliokoa. Tena tuseme wazi jambo lililo gumu zaidi. Kama risiti zingetoa 9, ingempasa aandike 9, na kuileta kwetu kabla ya mtu mwingine. Kumfundisha mtu kutafuta si kazi kubwa. Kazi ni kumfundisha asikitupe alichokipata kwa kuwa hakikumpendeza, na asiache kutafuta mara tu apatapo cha kumpendeza. Hilo la pili ndilo baya zaidi, maana hakuna amwonaye akilifanya, na mara nyingi hata mwenyewe hajioni.

Sheria ya Uhusiano wa Kazi ya mwaka 2007, katika kifungu cha 57, yamlazimisha mwajiri kukipa chama habari zote zihusikazo ili kipate kujadiliana naye ipasavyo. Ni haki kubwa. Lakini ni haki ya mtu ajuaye la kuuliza. Mwakilishi aombaye "habari za kampuni" atapewa kitabu chenye picha ya mkurugenzi na miti aliyoipanda. Mwakilishi aombaye idadi ya watu wa kila daraja, saa za ziada zilizolipwa kwa miezi kumi na miwili, na gharama ya vibarua waliochukuliwa kupitia wakala, huyo hawezi kupewa picha.

Hata matangazo ya Serikali yataka jicho. Siku ya Wafanya Kazi, tarehe 1 Mei 2024, ilitangazwa nyongeza ya 6 kwa mia katika mishahara ya chini. Aliyesikia redio peke yake angetazamia fedha hizo mwisho wa mwezi uo huo. Aliyengoja akasoma Gazeti Rasmi la Serikali aliona ya kwamba amri yenyewe ilianza tarehe 1 Novemba 2024, na kwamba mshahara wa chini si mmoja: hutofautiana kwa kazi na kwa mahali, mji mkubwa una safu yake na mji mdogo yake. Nyumba ngapi zingepona ugomvi kama mtu mmoja angeisoma karatasi ile!

Wako wengine wasemao ya kwamba uchunguzi wa namna hii ni mambo ya Chuo Kikuu, si ya kuli na mfagiaji. Hao hawakijui chama chao kilikotoka. Katika mwaka 1953 Serikali ya kikoloni iliweka kamati, iliyoitwa ya Carpenter, ichungue mishahara ya Waafrika. Ripoti yake ya 1954 ilisema ya kwamba kama nusu ya wafanya kazi wa mijini walioajiriwa na makampuni, na kama robo ya wale wa utumishi wa umma, walikuwa wakilipwa mshahara usiotosha mahitaji yao ya lazima. Ikasema tena kwamba haifai mshahara kupimwa kwa mahitaji ya kapera, bali upimwe kwa mtu mwenye mke na watoto. Neno hilo lilikuwa msaada mkubwa kwa wafanya kazi, nalo liliandikwa na kamati ya wakoloni. Mtu asomaye karatasi za upande wake tu asingelipata kamwe.

Na Makhan Singh je? Mtu huyu aliwekwa kizuizini tangu 1950 hadi 1961 kwa ajili ya kazi ya vyama. Alipotoka, angeweza kuandika kwa uchungu wake, na hakuna ambaye angemlaumu. Kitabu chake cha historia ya vyama vya wafanya kazi Kenya mpaka 1952, kilichotoka mwaka 1969, amekijenga juu ya makaratasi: matangazo ya migomo, barua, magazeti, ripoti za Serikali iyo hiyo iliyomfunga. Makaratasi yake yamehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na apendaye kumsahihisha aweza kwenda kuyatazama.

Sasa tuwajie wazee wetu. Twawaheshimu, na wengi wao ndio waliochanga shilingi za kwanza. Lakini yule kijana hakukosea kuuliza. Sheria yataka hesabu za kila chama zipelekwe kwa Msajili kila mwaka. Itakuwaje Msajili azione, na mtoa ada aambiwe ana adabu mbaya? Tukimfundisha mtu kumpima mwajiri, kisha tukamkataza kutupima sisi, tutakuwa tumemfundisha kushangilia tu. Na siku fedha zikipotea kweli, hatakuwako hata mmoja ajuaye kusoma ukurasa ule. Ila twasema hivi pia: ingefaa kijana amwandikie mweka hazina kwanza, ampe siku saba, kuliko kumrukia mbele ya watu. Kuchungua kuna taratibu zake, na moja ni kumpa mchunguzwa nafasi ya kuleta karatasi zake.

Kwa wazazi tuna neno fupi. Mtaala mpya wa shule, ulioanza kutumika nchi nzima mwaka 2019, ulikusudia mtoto atafute mwenyewe. Lakini jioni twawaona wanachama wetu wamepanga foleni katika maduka ya kompyuta, wakilipia picha na maelezo yaliyokwisha kuandikwa, ili mtoto abandike tu na kupeleka shuleni. Fedha zimekwenda, alama zimepatikana, na mtoto hakuuliza kitu. Afadhali atumwe kwa fundi wa baiskeli na kalamu, arudi na maneno yake machache yenye makosa. Na wale waulizao mashine ya akili bandia katika simu, ambayo hujibu kwa ufasaha kuliko wakili, wauulize ufasaha huo swali la mwalimu wetu: umelipata wapi?

Kuhusu uchovu, wanafunzi wana haki. Kuanzia Jumamosi ijayo darasa litaanza saa tisa alasiri badala ya saa nne asubuhi, ili watu wa zamu ya usiku wapate kulala. Kila mwanafunzi alete bei ya pakiti ya unga ya kilo mbili kutoka maduka matatu ya mtaa wake, pamoja na tarehe, jina la unga, na jina la duka. Asiye na risiti aandike saa aliyoiona bei hiyo. Mweka hazina naye atakuwako, na kitabu cha tawi kitakuwa mezani.