WASOMI WA KUPAKA RANGI WATATUUA

BAISKELI ya wizi hata ukiipaka rangi mara saba, namba ya fremu inabaki ile ile. Kijana yeyote wa Muheza anayenunua baiskeli ya mtumba anajua hilo. Ajabu ni kwamba wakubwa wa vyuo vyetu hawajui, au wanajifanya hawajui!

Mwizi wa maandishi wa siku hizi hanakili neno kwa neno kama zamani. Anachukua kazi ya mwenzake, anaitia kwenye programu ya kompyuta, programu inabadilisha maneno, kazi inatoka "mpya". Mashine ya kukagua wizi inatafuta maneno yanayofanana, haiyaoni, inasema safi. Msimamizi anasaini. Joho linavaliwa, mbuzi anachinjwa, mwizi anaitwa msomi.

Lakini programu ya namna hiyo haijui maana. Ingekuwa kwa Kiswahili, tembo wa mbugani angegeuzwa "pombe", kwa vile Tanga nzima inajua tembo la mnazi. Kwa Kiingereza ndivyo ilivyotokea. Mwaka 2021 Guillaume Cabanac na Cyril Labbé wa Ufaransa, pamoja na Alexander Magazinov wa Urusi, waliyaumbua majarida ya sayansi yaliyochapisha vituko hivyo. Saratani ya matiti iliandikwa "hatari ya kifuani". Figo zilizoshindwa kazi zikawa "figo zilizovunjika moyo". Wataalamu hao wakayaita maneno yaliyoteswa, na wakayafanya ndiyo namba ya fremu: andiko lenye maneno ambayo hakuna daktari anayeyatamka lazima litiliwe shaka. Maelfu ya maandiko yamenaswa hivyo.

MUHEZA INAHUSIKAJE?

Inahusika sana! Kati ya mwaka 2002 na 2004 watoto 1,811 wenye malaria waliingizwa kwenye utafiti wa dawa hapa Muheza. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005 katika jarida la Lancet: amodiakwini peke yake ilikuwa imeshindwa, dawa mseto ya ALu ikafanya vizuri kuliko zote. Mwaka 2006 nchi ikaichagua dawa mseto. Jiulize ndugu msomaji: takwimu zile zingekuwa za wizi, zimepakwa rangi na mvivu mmoja aliyekaa hotelini, leo tungekuwa tumezika watoto wangapi?

Sasa wezi wamepata rangi bora zaidi. Tangu ChatGPT ilipotoka mwishoni mwa mwaka 2022, yale maneno ya kuchekesha yanakwepeka kirahisi. Vyuo vinakimbilia mashine nyingine za kunusa maandishi ya kompyuta. Huko nako ni balaa! Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizijaribu mashine saba kwa insha za watu ambao Kiingereza si lugha yao. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo halali ziliambiwa ni za kompyuta.

Nani ataumia? Si mtoto wa kigogo aliyemlipa mtu amwandikie. Ni mtoto wa mlalahoi, aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akatembea na daftari lake vijijini, akaandika Kiingereza chake cha kuungaunga. Huyo ndiye atakayeitwa mwizi kwa sababu mashine imesema asilimia!

Dawa ipo na haihitaji fedha za wafadhili. MWITENI MTU, MUMHOJI. Takwimu ulizipata kijiji gani? Daftari lako liko wapi? Neno hili maana yake nini? Mwacheni ajibu kwa Kiswahili. Aliyefanya kazi atajibu hata kwa kigugumizi. Aliyepaka rangi atatoka jasho.

Tena waanze juu. Mwaka 2017 watumishi 9,932 walitajwa kuwa na vyeti vya kughushi, wakafukuzwa. Viongozi wa kisiasa hawakuwamo katika uhakiki ule. Kulikoni? Mbona karani anakaguliwa na bosi wake anapita? Kila anayejiita "Daktari" kwenye jukwaa na aweke tasnifu yake mezani, aulizwe maswali matatu mbele ya watu.

Mwenye baiskeli yake haogopi kuigeuza ili namba isomwe. Anayekataa, tumwite nani?