BANDO LA KATIBU LILIPWE NA CHAMA

Ndugu wanaushirika,

Wiki mbili zilizopita katibu wetu alikwenda mjini kufuatilia malipo ya wakulima. Pale stendi bando likamwishia. Akaona kuna mtandao wa bure, waifai, akajiunga. Kabla haujafunguka ukaja ukurasa unamtaka aandike namba ya simu, namba ya kitambulisho cha taifa na neno la siri la barua pepe. Na barua pepe yenyewe ni ile ya chama! Bahati nzuri akasita, akazima simu. Jambo hili amelieleza mwenyewe bila kuficha, na kwa hilo tumpongeze.

Sasa maneno yamekuwa mengi. Wengine eti katibu ni mshamba, hajui simu. Mimi nasema kosa ni letu sote. Tumemkabidhi orodha ya wanachama: majina, namba za simu, vitambulisho na akaunti za benki. Halafu tunamwacha ahangaike na intaneti ya kuokota njiani. Kwani fedha za mauzo tungekubali azilaze stendi?

Tuelewe jambo lenyewe. Mtandao wa waifai mtu yeyote anaweza kuupa jina analotaka. Ukiona umeandikwa jina la stendi, usidhani ni wa stendi. Huenda ni wa kijana aliyekaa benchi la pili, simu iko mfukoni. Hatutishani. Mwaka 2024 polisi wa Australia walimshtaki mtu mmoja wakisema aliweka mitandao ya bandia kwenye viwanja vya ndege na hata ndani ya ndege, ili abiria wakijiunga wamwandikie barua pepe zao na maneno yao ya siri.

Ni kweli kwamba siku hizi tovuti nyingi huyageuza maneno yetu kuwa fumbo yanaposafiri. Kwa hiyo kusoma habari tu kwenye mtandao wa bure si hatari kama zamani. Lakini fumbo litamsaidia nini mtu anayemwandikia mwizi siri zake kwa mkono wake mwenyewe?

Tena sheria ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde. Chama chetu kinazitunza. Tusingoje kuja kuulizwa.

Kwa hiyo naomba mkutano mkuu upitishe mambo matatu:

1. Bando la katibu na la mweka hazina lilipwe na chama.

2. Kazi ya chama isifanywe kwenye waifai ya njiani, na simu zao zirekebishwe zisijiunge zenyewe na mtandao wowote.

3. Neno la siri lisiandikwe kwenye ukurasa wa kujiungia na waifai, hata ukurasa uwe mzuri namna gani.

Najua wapo watakaosimama na kusema hiyo ni gharama isiyo na maana. Ndugu zangu, kufuli la ghala tulilinunua kwa fedha za chama na hakuna aliyenung'unika. Ndani ya ghala mna magunia ya msimu mmoja. Ndani ya simu ya katibu tumo sisi wenyewe.

Mwanachama mwenzenu.