Nani Aliyeifunga Njia?

Mwaka 1871 Mirambo alipoifunga njia ya misafara kati ya Tabora na Ujiji, wafanyabiashara wa Unyanyembe walijua aliyewazuia ni nani na anadai nini. Walipigana naye, na baadaye wakapatana naye. Leo binti wa Kaliua aliyeolewa na mgeni akizuiwa safarini, hazuiwi na mtawala yeyote. Anazuiwa na karani wa shirika la ndege.

Tuchukue mfano. Binti huyo ameolewa na Mjerumani, wanaishi Hispania, naye ana kadi ya ukaazi anayopewa mwenzi wa raia wa Umoja wa Ulaya. Walikuja Kaliua mazishini, na sasa wako Dar es Salaam, wanapanda ndege pamoja kwenda Ireland. Agizo la Ulaya namba 38 la mwaka 2004, ibara ya 5, linamwondolea sharti la viza. Tarehe 18 Juni 2020, katika shauri la Ryanair na polisi wa Hungaria, Mahakama ya Umoja huo ilitamka kwamba hata mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu anafaidika na msamaha huo. Karani anapekua pasipoti, haoni stika ya viza, anamwomba binti asogee pembeni.

Karani huyu hana chuki na mtu, anapiga hesabu. Katika shauri hilohilo Ryanair ilikuwa imetozwa yuro 3,000 kwa abiria mmoja tu. Uingereza nayo ilitunga sheria ya kuwaadhibu wasafirishaji tangu mwaka 1987. Shirika likimbeba asiyestahili, linalipa faini na kumrudisha kwa gharama zake. Likimwacha anayestahili, kwa kawaida linapoteza kiti kimoja. Mwenye akili timamu atakosea upande upi? Mamlaka ya dola yamehamishiwa kaunta ya biashara, mahali pasipo na barua ya uamuzi, jalada wala rufaa. Ubalozi ukikunyima viza, angalau unapata karatasi ya kubishana nayo.

Najua wapo wasomaji ambao wangefurahi niishie hapo, kwenye dhambi za Ulaya. Lakini kifungu cha 11 cha Sheria yetu ya Uraia ya mwaka 1995 kinampa mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania haki ya kuomba tajnisi wakati wowote mumewe akiwa hai. Mwanamume mgeni aliyemwoa Mtanzania hakutajwa. Yeye apite njia ndefu ya kila mgeni, ahesabiwe miaka ya ukaazi, kisha asubiri hiari ya Waziri.

Kaliua hili si jambo la vitabuni. Wilaya hii ina Ulyankulu, makazi ya Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, ambao wengi wao walikabidhiwa vyeti vya uraia kuanzia mwaka 2014. Watu wa huko wanaoana na ndugu wa ng'ambo ya mpaka, kama walivyooana wapagazi wa njia ya kale. Kaka akileta mke kutoka Burundi, sheria inamfungulia mke mlango. Dada yake wa tumbo moja akileta mume kutoka kijiji kilekile, mlango ule haupo. Ibara ya 13 ya Katiba inakataza ubaguzi wa jinsia. Wakenya walilimaliza suala hili katika Katiba yao ya mwaka 2010: aliyedumu katika ndoa na raia kwa miaka saba, awe mke au mume, ana haki ya kuomba kusajiliwa. Sisi tunamshuku mume aliyechaguliwa na binti yetu, kisha tunashangaa karani akimshuku binti mwenyewe.

Wizara ya Mambo ya Ndani ipeleke bungeni marekebisho ya kifungu cha 11, neno "mwanamke" liwe "mwenzi". Na Mamlaka ya Usafiri wa Anga iliagize kila shirika linaloruka kutoka viwanja vyetu limpe abiria aliyekataliwa maandishi yenye jina la mkataaji, saa, na kanuni aliyoitegemea.