Nani Amekata Hii Tamaa?

Kuna neno limeingia vijiweni na halitaki kutoka: "Haina maana." Shule? Haina maana. Kuoa? Haina maana. Kulima bustani? Haina maana. Vijana wa Nyarugusu tumekuwa wanafalsafa bila kukaa darasa la falsafa.

Wazungu wanaiita nihilizimu: kuamini kwamba hakuna chenye thamani wala lengo. Nietzsche aliionya Ulaya juu yake tangu karne ya 19. Mwaka 1942 Albert Camus akachukua hadithi ya Wagiriki, ya Sisyphus, aliyehukumiwa kusukuma jiwe mpaka juu ya mlima. Likifika linabiringika chini, anaanza tena, milele. Camus anataka tuamini kwamba mtu huyo anaweza kuwa na furaha hivyo hivyo.

Mimi nabisha. Jiwe lile halikuota pale. Ilikuwa adhabu, na aliyeitoa yupo. Kabla ya kuniuliza kama nina furaha, uliza nani kanipa jiwe.

Kambi hii ilifunguliwa 1996. Mtoto aliyezaliwa humu mwaka ule sasa ni mtu mzima, pengine mzazi. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inasema hatoki bila kibali. Akimaliza sekondari, kazi iliyopo ni ya kujitolea kwa posho. Huo si ugonjwa wa roho ya mtu wa kisasa. Ni utaratibu, una sahihi na mhuri.

Ndugu zetu wa mashirika, tunawaheshimu. Lakini semina ya ustahimilivu haijibu swali la kibali. Msiandike kwenye ripoti "vijana wamekata tamaa", kana kwamba tuliamka asubuhi tukaikata kwa panga. Andikeni pia kilichoikata.

Na ninyi vijana wenzangu, msinipigie makofi bado. Anayesema "haina maana" anamfurahisha aliyeweka jiwe, maana mtu wa namna hiyo hadai chochote, wala kwenye mkutano wa kijiji haonekani. Tena anajidanganya. Kama kazi haina thamani, mbona kuikosa kunakuuma? Uchungu wako ndio ushahidi kwamba maana bado unaijua.

Siku hizi kijana akiniambia haina maana, namuuliza: nini hasa? Akitaja kibali, akitaja ada, akitaja kazi, falsafa imekwisha. Hiyo ni ajenda, tuipeleke mkutanoni.