Barua ya Mama Haichekwi



Juma lililopita mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza alipokea kifurushi kutoka kwao Kolwezi. Ndani mulikuwa bunga ya mahindi, sabuni, soksi na barua ya mama yake. Wakubwa fulani wakamunyang'anya barua, wakaisoma kwa sauti bwenini: "Mwana yangu, nakutumia soksi, sababu asubui kuko baridi." Bweni lote likacheka, sababu ya soksi na sababu ya Kiswahili ya nyumbani. Mtoto akaipasua. Sisi makapita tulikuwapo, na hatukukataza.

Basi sikieni. Kaskazini ya Uingereza, mahali panapoitwa Vindolanda, palikuwa kambi ya askari wa Roma, mpakani kabisa. Tangu mwaka 1973 wachimbaji wanatoa katika udongo wa maji barua za watu wale, za karibu mwaka 100 baada ya Kristo, zilizoandikwa kwa wino juu ya vibao vyembamba vya miti. Barua moja inahesabu soksi, viatu na chupi alizotumiwa mtu kambini. Solemnis anamugombeza ndugu yake Paris kwa kutomwandikia. Masculus anaandikia mkubwa wake, Cerialis, kwamba askari wameishiwa pombe. (Cheo cha Cerialis kilikuwa prefe, kama mkubwa wa shule yetu!) Mama Claudia Severa anaalika rafiki yake kwa siku yake ya kuzaliwa, karani ameandika, lakini mwishoni mama ameongeza maneno kwa mkono wake mwenyewe.

Wengi wa askari wale walikuwa Wabatavi na Watungri, watu wa Uholanzi na Ubelgiji ya leo. Kilatini haikuwa luga ya mama zao, lakini waliandika. Leo vibao vile vinatunzwa London kama mali, na wenye elimu wanasoma habari ya soksi zile bila kucheka.

Babu zetu wa Kongo nao walipelekwa mbali. Mwaka 1941 askari wa Force Publique walipigana Ethiopia, na tarehe 3 Julai Waitalia wakajitoa kwao kule Saio. Vitabu vinatupa tarehe na majina ya majenerali. Nani atatuambia kama miguu ya babu ilisikia baridi? Barua ndogo tu ingetosha.

Wengine watasema: leo kuko simu. Ndiyo, lakini simu ikipotea, maneno yanapotea nayo. Wengine watasema: Kiswahili bora kinatakiwa. Ndiyo, darasani. Mama anaandika vile anavyosema, na ndiyo sauti yake.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Mtu asisome barua ya mwenzake bila ruhusa. Sisi makapita tutaliangalia. Tena, kila siku ya Mungu tuandike nyumbani, si wakati wa kuomba mafranga ya masomo tu.

Tumekwisha kumwomba yule mdogo wetu musamaha. Tuliokota vipande vya barua, tukavibandika. Viwili hatukuviona.