Port Victoria: jina bila gati

Yapo majina kwenye ramani ambayo msomaji huyaamini kabla ya kuyachunguza. Mojawapo ni Port Victoria, mji mdogo wa Budalang'i katika kaunti yetu hii ya Busia. Mtu akilisoma jina hilo akiwa mbali, hapana shaka atajijengea akilini bandari kamili: nguzo za chuma zilizozama majini, meli zilizofungwa, kreni na makuli. Akisafiri kutoka hapa Mundika hadi huko atalikuta ziwa, atazikuta mashua, atawakuta wavuvi na wachuuzi wa omena na mbuta. Bandari ile waliyoikusudia waliolitoa jina hataikuta, kwa kuwa haikujengwa.

Kisa chenyewe ni hiki. Mnamo 1891 na 1892, Kapteni Macdonald, mhandisi wa jeshi la Uingereza, alipima njia ya reli kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria. Njia aliyoipendekeza ilikuwa na urefu wa maili 657, nayo ilikoma kwenye ghuba ya Berkeley, papa hapa kwetu, mahali palipopewa jina la malkia aliyekuwa akitawala. Wapimaji waliomfuata waligundua njia fupi zaidi ya kuteremkia ghuba ya Kavirondo, na mnamo Desemba 1901 reli ikafika Kisumu. Palipofikiwa paliitwa Port Florence, kwa heshima ya Florence Preston, mke wa mhandisi aliyesimamia utandazaji wa reli. Nasema kwa kupita tu kwamba siku hiyo Kisumu ilikuwa ndani ya Uganda, sawa na sisi. Ilipofika 1902 ndipo Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulipohamishiwa upande ambao leo ni Kenya. Wanaodhani kwamba mpaka huu uliumbwa pamoja na mito na vilima na wazingatie hilo.

Hapo ndipo historia ilipofanya mzaha wake. Port Florence ilipata reli, ikapata gati, ikapata na meli. Meli ya William Mackinnon, iliyoletwa vipande vipande kutoka Uskoti, ilikuwa imekwisha kushushwa majini huko tangu 1900. Lakini jina la Kizungu halikudumu. Watu walisema Kisumu, na Kisumu ndilo lililobaki. Port Victoria ilikosa reli, ikakosa gati, ikakosa meli, ikabaki na jina. Mimi ambaye riziki yangu inatokana na maneno sina haki ya kulidharau jina, ila hakuna chombo kiwezacho kufunga gati kwenye jina.

Sasa na tutazame huko alikokuwa akiishi malkia mwenyewe. Katika miaka ile ile ambapo wapimaji wake walikuwa wakipenya vichaka vya huku, raia wake walikuwa wakijengewa magati ya namna nyingine kabisa, magati ambayo shehena yake kubwa ilikuwa watu waliotaka kutembea juu ya bahari kisha warudi. Gati la chuma la Southend, lililofunguliwa 1889, lina urefu wa zaidi ya kilomita 2 na lina treni yake ndogo ya kuwapeleka wageni hadi mwisho. Brighton ilipata kuwa na magati matatu kwa zamu mbalimbali. Palikuwa na bendi, viti vya kuketi, vibanda vya chakula na kumbi za michezo. Sheria ya 1871 iliyowapa wafanyakazi sikukuu za mapumziko, pamoja na nauli nafuu za treni, ziliwafikisha huko watu wa viwandani ambao wazazi wao hawakupata kuiona bahari.

Lakini magati hayo hayakuanza kwa starehe, na hili ndilo ninaloomba msomaji alitie maanani. Gati la Ryde, katika Kisiwa cha Wight, lilifunguliwa 1814, nalo huhesabiwa kuwa ndilo kongwe kuliko yote ya aina yake. Sababu ya kulijenga ilikuwa tope. Maji yalipokupwa, vyombo vilishindwa kukaribia nchi kavu, na abiria walilazimika kubebwa migongoni mwa wanaume, kisha kusukasukwa ndani ya mikokoteni hadi mjini. Gati lilijengwa ili mtu ateremke bila kulowa. Likiisha kujengwa, watu wakaanza kulitembelea ijapokuwa hawakuwa na safari yoyote. Starehe ilikuja yenyewe, ikiifuata kazi, na wenye gati walikuwa werevu kiasi cha kuiwekea benchi badala ya kuifukuza.

Mbebaji wa Ryde aliacha kazi yake zaidi ya miaka 200 iliyopita. Ndugu yake bado yuko kazini katika fukwe nyingi za ziwa letu, huku na upande wa Uganda. Mashua inasimama maji yakiwa ya mapaja, kijana anainama, mama mwenye mtoto na kikapu anapanda mgongoni, sarafu zinabadilisha mikono ufukweni. Wageni hupiga picha. Mimi sioni la kupigia picha pale mama mzima anapobebwa kama gunia mbele ya wakwe zake.

Wala ufundi si kisingizio. Eugenius Birch, aliyesanifu magati 14 ya namna hii, alitumia mbinu ya Alexander Mitchell, mhandisi wa Ireland aliyekuwa kipofu: nguzo ya chuma yenye ncha kama parafujo, ambayo haipigwi nyundo bali husokotwa hadi izame na kushika barabara chini ya tope. Mitchell aliipatia hataza mwaka 1833. Ni ufundi wa tope, na tope tunalo.

Nirejee kwenye maneno, maana ndiko shambani kwangu. Kiswahili kina utajiri wa maneno ya mahali ambapo nchi inakutana na maji: bandari, gati, diko, forodha. Yote ni maneno ya kazi na kodi. Hata hivyo neno gati, ambalo asili yake ni Bara Hindi, huko lilikotoka hutaja ngazi za mtoni ambako watu huoga, husali, hufua na kuketi tu wakiyatazama maji. Lilipovuka bahari liliacha hayo yote nyuma likaja na mizigo peke yake. Chukua na neno bichi. Huko Mombasa, bichi ni mahali pa kwenda Jumapili. Hapa ziwani, bichi ni mahali pa kuteremshia samaki, penye mizani, kamati na daftari. Neno ni moja, nchi ni moja, lakini upande mmoja umeruhusiwa kupumzika kandokando ya maji na upande wa pili haujafikiriwa. Si kwamba hatuna msamiati wa tendo lenyewe. Tunasema kupunga upepo, na kitenzi hicho hicho ndicho cha kupunga pepo, yaani kumtibu mgonjwa wa mashetani. Waingereza nao walipelekwa baharini na madaktari wao kwa imani kwamba hewa ya huko ni dawa. Lugha yetu inaelekea kulikubali jambo hilo.

Kwamba neno laweza kubadili kazi yake tunajifunza Unguja. Forodhani palikuwa mahali pa forodha, pa kukagua na kutoza ushuru. Shughuli za bandari zilipohamia Malindi, pakafanywa bustani katikati ya miaka ya 1930. Mwaka 2009 ikafunguliwa tena baada ya kukarabatiwa. Leo ukimtajia Mzanzibari Forodhani, hafikirii ushuru. Anafikiria mishikaki, juisi ya miwa, na vijana wanaojirusha baharini kutoka ukutani jua likitua. Sisi wa Busia na Malaba forodha yetu bado ni forodha. Kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa hapa 2018 ni jengo la maana na limepunguza usumbufu mwingi. Lakini karibu kila jengo kubwa tulilojengewa na serikali katika upande huu limejengwa ili tukaguliwe ndani yake.

Huko Kisumu nako, tangu siku za wakoloni, ufuo umegawanywa baina ya reli, bandari na klabu. Mwananchi alijitafutia kipande chake Lwang'ni, akala samaki mzima na ugali huku akilitazama ziwa. Bandari ilipokuwa ikifufuliwa, mwaka 2019, vibanda hivyo vilibomolewa. Sipingi kufufuliwa kwa bandari, kwani tangu Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 magati yale yalikuwa yakiota kutu. Ninachouliza ni kwa nini mchoro wa bandari haukuweza kuwa na nafasi ya mtu aliyeketi.

Najua nitakalojibiwa: kwamba Budalang'i ina mafuriko na umaskini, na profesa anataka wananchi wajengewe mahali pa kutembea. Mimi si profesa, ni mhadhiri tu; na hoja hiyo inaigeuza njia yangu. Sisemi lijengwe gati la starehe. Nasema kwamba gati la kuteremshia samaki na abiria ni haki ya Port Victoria, na litakapochorwa, pawekwe ukingoni njia ya miguu yenye reli za kushikia, benchi chache, taa, na ngazi ya kufikia maji, bila lango wala askari wa kuuliza kitambulisho. Gharama ya nyongeza hiyo, ikilinganishwa na ya nguzo zenyewe, ni ndogo.

Wala nisifiche kwamba magati huharibika. Dhoruba ya Desemba 1896 ililifagia gati la minyororo la Brighton kwa usiku mmoja. Gati la Magharibi la mji huo huo, lililofunguliwa 1866, lilifungwa 1975 kwa kukosa matengenezo, na mifupa yake ingali imesimama baharini. Ziwa letu nalo lilipanda kupita kiasi mwaka 2020, likapanda tena 2024, likameza nyumba na fukwe. Kwa hiyo wahandisi wapime kwa maji ya 2024, si kwa yale ya ramani za zamani, na bajeti ya matengenezo iandikwe siku ile ile inapoandikwa ya ujenzi. Na wanapokwenda kupima, waende Jumapili jioni. Watawakuta vijana wameketi juu ya mashua zilizopinduliwa mchangani, wameelekea majini, kwa kuwa hapana pengine pa kuketi.