Foto za korali hazifunguki: tuzipunguze namna gani?



Mwezi huu tunajibu kijana mmoja wa korali. Wamefungua ukurasa wao wa intaneti, wametia foto 20 za sikukuu ya ubatizo, na sasa ndugu zao wanalalamika: "Tunangoja, tunangoja, vinatokea vichwa tu, kiisha mega zinaisha." Anauliza kama telefone za watu njo mbaya. Hapana, kijana. Telefone hazina kosa. Foto zenu ni nzito.

Tufanye hesabu. Foto ya ordinatere ao ya telefone ni vinukta vidogo sana, vinaitwa pikseli, vimepangwa mistari kwa mistari sawa mahindi mu shamba. Mwaka 1957, kule Marekani, Russell Kirsch alitia picha ya mtoto wake mchanga ndani ya ordinatere, na ile inahesabiwa kuwa foto ya kwanza ya namna hiyo. Ilikuwa na pikseli 176 kwa 176, karibu 31000 tu, na mtoto alionekana. Telefone za leo zinatoa mara mingi pikseli 4000 kwa 3000. Hizo ni milioni 12! Kwa uzito ni mega 3 mpaka 5. Foto 20 za mega 4 ni mega 80. Mama anayeuza makala pa soko, anayetaka tu kuona mjukuu wake akibatizwa, njo yeye analipa hizo mega 80, si wewe uliyezitia. Tena analipa bure, maana kioo cha telefone ya bei ndogo mara mingi kina upana wa pikseli 720 hivi. Zingine zote hazipati hata pa kukaa.

Kuna wale wanaoamuru ukurasa uonyeshe foto ndogo, wanafikiri kazi imekwisha. Hapo macho yanadanganywa: foto nzima inasafiri kwanza na uzito wake wote, kiisha inabanwa pale pa kioo. Ni lazima kuipunguza mbele ya kuituma.

Fungua foto mu programu ya picha. GIMP ni ya bure na inatosha kabisa. Tafuta mahali pa kubadilisha kipimo, andika upana 1000. Kimo usikiguse, programu yenyewe itaandika 750. Kuna alama sawa mnyororo inayofunga upana na kimo pamoja. Ukiifungua, bibi arusi wako atatoka mwembamba sawa fimbo ya mchungaji, na yeye hatakushukuru. Sasa hesabu tena: 1000 kwa 750 ni pikseli 750000. Wengi wanafikiri foto imepungua mara 4. Imepungua mara 16, juu umegawa upana kwa 4 na kimo vilevile kwa 4.

Kiisha uiweke kwa namna ya JPEG, ile iliyotoka mwaka 1992. Programu itauliza ubora, kutoka 0 mpaka 100. Andika 80. Foto itabaki na kilo 150 hivi, na mega moja ni kilo 1000: foto zenu zote 20 zitakuwa mega 3 pahali pa mega 80. Kwa nembo ao karatasi yenye maandishi, PNG ni nzuri zaidi, maana JPEG inachafua pembeni ya herufi.

JPEG inafanya namna gani? Sisi watu wa mungoti tunaelewa upesi. Lori haibebi mlima mzima. Mawe yanasagwa, yanaoshwa, udongo unabaki, na kinachosafiri ni kile chenye shaba. JPEG nayo inatupa yale ambayo jicho haliyaoni vizuri. Lakini kuna tofauti moja kubwa. Terili ya Lubumbashi, ule mlima mweusi wa mabaki, walirudi kuuyeyusha na kutoa kobalti ndani. Kilichotupwa na JPEG hakirudi. Ukiichukua ile foto ndogo na kuikuza, utapata ukungu.

Kwa hiyo foto ndogo uipe jina jipya, na ile kubwa uilinde. Siku jamaa itataka kuchapa foto ya marehemu kwa kilio, ile ya pikseli 1000 itatoka safi kwa upana wa sentimita 8 tu, kidogo kuliko kiganja. Na foto uliyoipokea kwa WhatsApp mara mingi imekwisha kupunguzwa njiani. Umuombe aliyeipiga akupe ya kwake.

Jambo moja kijana hakuuliza. Telefone inaweza kuandika ndani ya foto mahali ilipopigwa, mpaka karibu na mlango wa nyumba, na programu zingine zinaacha alama hiyo hata kiisha kupunguza. Zima alama ya mahali mu kamera. Kwa foto ambazo zimekwisha kupigwa, GIMP inauliza, wakati wa kuziweka, kama ihifadhi habari za Exif: toa ile alama. Na kwa foto za watoto, uliza kwanza wazazi.

Swali lake la pili, la video za korali, tutalijibu mwezi ujao.